Kunde mbichi kwenye mita 4,200: Pasaka yetu Mlima Kenya

Alhamisi usiku

Orodha ya vitu aliiandika binamu yangu nyuma ya risiti ya duka, na mpaka leo ninayo: mchele wa pishori kilo mbili, kunde kilo moja, nazi mbili, sukari, majani ya chai, jiko dogo la gesi, tochi mbili, blanketi, maji ya chupa katoni moja, dawa ya kichwa, dawa ya mbu. Nazi mbili, wallahi. Tulifungasha kama watu wanaokwenda shamba Kilifi.

Tulikuwa watatu. Mimi na binamu ni wa Mombasa, watu tunaotafuta sweta nyuzi zikishuka hadi 24. Wa tatu ni mwenzangu wa ofisini, mzaliwa wa Nyeri, ambaye tulimfanya mwenyeji wa mlima kwa sababu tu dirisha la jikoni kwao linautazama. Hakuwa amewahi kuupanda. Hakutuficha, sisi ndio hatukuuliza.

Siku tulizichagua kwa kalenda ya kazini: Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, siku nne bila kukatwa likizo. Kwamba Pasaka huangukia kwenye masika hakuna aliyelitaja. Mlima Kenya hupandika vizuri Januari na Februari, halafu tena katikati ya mwaka kukishakauka. Hilo lilikuwa la kujulikana kwa kuuliza mtu mmoja tu.

Mjomba, ambaye ni nahodha wa mashua huko Mtwapa, alipita kutuaga. Akauliza jambo moja: "Hali ya hewa ya huko mmemuuliza nani?" Binamu akamwonyesha simu. Mjomba akaguna, akanywa chai yake. Huyu ni mtu ambaye kusi ikivuma hampakii mgeni hata kwa nauli maradufu. Mwaka jana alimrudisha nyumbani jamaa mmoja wa bara aliyekuja na viatu vya ngozi akitaka kupelekwa kuvua nje ya mwamba usiku. Tulimcheka yule jamaa wiki nzima.

Treni iliondoka saa nne usiku. Nautaja muda huu kwa sababu baadaye daktari aliuuliza.

Ijumaa

Syokimau, stesheni ya Nairobi, kabla ya alfajiri, kisha matatu: Thika, Karatina, Nanyuki. Mlima haukuonekana. Wingu la kijivu lilishuka mpaka kwenye mashamba, na mwenzetu wa Nyeri akawa anatuonyesha kwa kidole mahali ambapo mlima "huwa upo".

Penye kibao cha Ikweta kijana mmoja alitufanyia ule mchezo wa beseni na njiti ya kiberiti: hapa maji yanazunguka hivi, hatua chache mbele yanazunguka vile. Ni kiinimacho, beseni ni dogo mno kuguswa na mzunguko wa dunia, na siri yote iko kwenye mkono unaomimina. Tulimlipa, tukapiga picha, tukamaliza dakika ishirini. Mzee wa kutuongoza tulimpa dakika kumi.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, koti la mvua lililopauka, sauti ya chini. Kabla ya salamu kwisha macho yake yalikuwa kwenye raba zetu. Kisha akauliza tumepanga siku ngapi. Binamu akajibu: leo tulale kambi ya Old Moses, kesho kambi ya Shipton's, Jumapili alfajiri tuwe kilele cha Lenana, Jumapili jioni tuwe Nanyuki.

"Jana mlilala wapi?"

"Kwenye treni, mzee. Tumetoka Mombasa."

Akanyamaza kidogo. Akasema yeye angetaka siku tano: usiku mbili Old Moses ili mwili uzoee, na ule wa pili uwe wa kupanda juu mchana na kurudi kulala chini. Tukamwambia kazi zinafunguliwa Jumanne. Tukamwomba bei ya siku tatu. Akakubali kwa sharti moja: akisema turudi, hakuna mjadala. Tuliitikia kama mtu anavyobonyeza "nakubali" kwenye simu bila kusoma.

Kwenye lango la Sirimon, mita 2,650, tulipata funzo la kwanza na hatukulitambua kuwa ni funzo. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya. Katoni yetu ya maji ikabaki langoni. Hakuna aliyekuwa na chupa nyingine isipokuwa mimi, tena kichupa cha chuma cha nusu lita nilichopewa kwenye semina. Mzee alitoa jerikeni yake ya lita tano, akaibeba mwenyewe. Tangu hapo tukanywa kwa kuhesabu, kwa aibu ya kumsumbua, na baadaye kwa sababu maji yalikuwa baridi kiasi cha kuumiza meno.

Kutoka langoni hadi Old Moses ni barabara ya gari, kilomita tisa hivi, ndani ya msitu wa mwangati na podo halafu unatokea kwenye vichaka wazi. Kinyesi cha ndovu kilikuwa bado kinafuka moshi njiani. Hofu yetu yote ilikuwa hapo. Kila kijiti kilipovunjika binamu alisimama. Mwishowe mzee akasema ameshasaidia kushusha watu wengi kutoka mlima huu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekanyagwa na ndovu. Nilidhani anatutuliza.

Old Moses ni mita 3,300. Tulifika jioni, vichwa vikigonga kidogo, tukawasha jiko, tukabandika kunde.

Hapa nieleze jambo la jikoni. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Mombasa yanachemka kwa nyuzi 100. Pale yanachemka kwa kama 89. Yanatokota vilevile, yanatoa mvuke vilevile, lakini hayana nguvu. Kunde zilichemka saa mbili zikiwa ngumu kama changarawe, na mtungi wa gesi ukawa mwepesi mkononi. Tukala wali wenye kiini kibichi kwa tui la nazi. Mzee alitoa chapati na ndengu alizopikiwa nyumbani, akatumegea bila kusema neno.

Jumamosi

Nimeamka na kichwa kizito. Mwenzetu wa Nyeri hakutaka chai. Binamu alikuwa mzima kuliko sote, na hilo ndilo lililotudanganya. Binamu anacheza mpira kila Jumapili, ana mapafu ya mpuliza zumari. Tulipoanza kupanda kuelekea kwenye minara ya mawasiliano alikuwa mbele mita mia, anatupigia mluzi.

"Mwambie asikimbie," mzee aliniambia. Nikamwambia. Akacheka.

Juu ya minara ardhi inafunguka: nyasi za mafungumafungu, tope jeusi katikati yake, kila hatua unachagua uloweke mguu au uteleze. Raba yangu ya kushoto ilijaa maji mita chache tu baada ya kuanza. Saa tano mvua ikaja. Si mvua ya kwetu, ile inayomwagika ikakuacha. Hii ilikuwa ya kulala nawe, nyembamba, ya ubavuni, na kila ilipopumzika kidogo ukungu ulichukua zamu. Nilikuwa nimevaa suruali ya jinzi na fulana ya pamba chini ya sweta. Pamba ikilowa haikaushwi na chochote kule, inanyonya joto la mwili mchana kutwa. Nililijua hili? Mtu yeyote aliyewahi kutoka baharini na kupanda pikipiki na nguo mbichi analijua.

Tulivuka kijito cha Ontulili, baadaye Liki Kaskazini, yote miwili ya kuruka juu ya mawe. Chini ya mwamba mmoja tukala biskuti, na mzee akatusimulia habari ya Waitaliano. Mwaka 1943, wakati wa vita, mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki ili tu waupande mlima huu. Ramani yao mojawapo ilikuwa picha kwenye karatasi ya kopo la nyama. Vyuma vya kukanyagia barafu walivitengeneza kwa vyuma chakavu kambini, na kamba zao zilikuwa za katani. Batian, kilele kirefu kuliko vyote, iliwashinda, wakaenda kutundika bendera yao Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini kufungwa tena.

"Wazimu," binamu alisema.

"Walijitayarisha miezi," mzee alisema. "Wafungwa. Na mmoja wao alipougua, walimwacha kambi ya chini, hawakumburuta."

Nilikumbuka orodha ya nyuma ya risiti.

Bonde la Mackinder ni zuri, hata kwa mtu anayetetemeka. Yale mamea makubwa ya lobelia yamekaa kama mabakuli yaliyojaa maji, na usiku maji hayo hushika barafu juu ili moyo wa mmea usigande. Mengine, marefu kuliko mtu, yanajivika majani yao makavu shinani, hayayaangushi. Ndiyo blanketi yao. Kila kinachoishi kule kimevaa.

Tangu hapo binamu alikuwa nyuma. Sikumbuki ni lini alitoka mbele. Alisimama kila baada ya hatua kumi, akikohoa kikohozi kikavu. "Mafua," alisema, nami nikakubali kwa sababu nilitaka yawe mafua.

Saa kumi jioni tulifika Shipton's, mita 4,200. Pimbi wanene walikuja kutukagua mlangoni. Vilele, ambavyo viko pale pale juu ya kambi, hatukuviona hata kimoja. Kutoka behewa la treni Mombasa hadi pale: saa arobaini na mbili. Shinikizo la hewa kule ni kama asilimia 60 ya la nyumbani. Wanaojua mambo haya husema ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sisi tulipandisha 3,300 usiku wa kwanza na 900 wa pili.

Kunde zilibandikwa tena. Gesi ikaisha.

Saa tano usiku niliamshwa na sauti. Nilidhani ni mtu anavuta kiko, ile mkoromo wa maji ndani ya bomba. Ilikuwa kifua cha binamu. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akilala anahisi anazama. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau kwenye mwanga wa tochi. Nikaenda kumwamsha mzee, naye tayari alikuwa anavaa viatu.

Aliweka sikio mgongoni kwake muda mrefu. Akamwambia asimame atembee juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino kikigusa kidole. Binamu, winga wa kulia, alikwenda hatua mbili. Ya tatu ikamtupa ubavuni kama mtu aliye juu ya sitaha kukiwa na mawimbi.

"Tunashuka sasa."

Nitasema ukweli: nilibisha. Nilisema kuna giza, kuna mvua, tungoje alfajiri, si saa sita tu zimebaki. Nikasema iitwe helikopta. Mzee alikuwa anamfunga binamu kamba za viatu huku akinijibu. Helikopta haiji usiku kwenye wingu. Mwaka 1970 daktari mmoja wa Austria alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, ikachukua zaidi ya wiki kumfikisha chini, na helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka, rubani akafa. "Na huyo alikuwa na mguu," alisema. "Mguu unangoja. Huyu hangoji asubuhi."

Kisha akanikumbusha sharti.

Jumapili

Tochi yetu moja ilikuwa imekufa. Baridi hula betri. Wapagazi wawili wa kundi jingine waliamka bila kuombwa, wakaja na taa zao za kichwani. Siwajui majina mpaka leo. Mmoja alimshika binamu kwapa la kulia, mwingine la kushoto, mzee mbele, mimi na wa Nyeri nyuma na mizigo.

Mvua ilikuwa imegeuka chembe za barafu. Bonde tulilolipita mchana kwa kustaajabu sasa lilikuwa mduara wa taa wenye upana wa hatua mbili. Kila baada ya muda walimketisha binamu juu ya jiwe, mzee akasikiliza mgongo, wakaendelea. Hakuna aliyesema anaonaje.

Kijito tulichokiruka mchana tulikuta kimepanda. Mzee alitumbukiza fimbo, ikazama hadi karibu na mkono. Akatembea juu kando ya maji kutafuta pa kuvukia, sisi tukangoja. Ndipo nilipoketi. Jiwe lilikuwa zuri sana. Nilikuwa nimetetemeka tangu mchana na sasa kutetemeka kumeisha, baridi imeondoka, nikajisikia nimetulia kabisa. Naambiwa nilikuwa namweleza mwenzangu kwamba matatu itapita hapo hapo, tusihangaike kutembea.

Nilichohisi baadaye ni kofi. Mzee alinivua ile jinzi mwenyewe, pale pale kwenye mvua, mtu mzima kama mimi. Ilikuwa nzito kama ndoo ya maji, na alipoitupia juu ya nyasi ilibaki imesimama miguu. Akanivalisha suruali yake ya sufu ya akiba na kofia yake, akanijaza sukari mdomoni kwa kiganja, akasimama nami kifua kwa kifua, koti lake limetufunika wote, mpaka nikaanza kutetemeka upya. Alipoona natetemeka akasema, "Vizuri."

Yaani mgonjwa alikuwa mmoja tukiondoka, njiani tukawa wawili, na wote wawili tulikuwa tumebebwa na watu ambao tulibishana nao bei.

Alfajiri ilitukuta kwenye nyasi, mita 3,600 hivi kwa makisio ya mzee. Kikohozi cha binamu kilikuwa kimelegea. Akauliza kama kuna chai. Mpagazi mmoja alicheka kwa sauti, akamgeukia mwenzake wakasema maneno yao, na hapo nikaelewa walikuwa na hofu kiasi gani usiku kucha. Karibu na minara simu ilishika mtandao. Gari lilitungoja Old Moses.

Hospitalini Nanyuki walimwekea oksijeni na kumpiga picha ya kifua. Daktari, binti mdogo aliyechoka na zamu ya sikukuu, aliuliza tulitoka saa ngapi Mombasa, akaandika "saa 42" na kuipigia mstari. Alitueleza kwa ufupi: hewa ikiwa haba, mishipa ya damu ndani ya mapafu hujikaza, shinikizo linapanda, na maji yanapenyeza kuingia kwenye vifuko vya hewa. Mtu anazama akiwa nchi kavu. Ujana na mazoezi havizuii. Mwenye nguvu hukimbia zaidi, akaumia mapema. Binamu aliuliza kama angemeza vidonge kabla. Akasema vipo vinavyosaidia mwili kuzoea, na wengine huvitumia, ila haviwezi kuzigeuza siku mbili kuwa tano.

Jumatatu

Asubuhi mbingu zilifunguka. Nilitoka nje ya wodi kutafuta mandazi nikaukuta umesimama mwisho wa barabara: Batian na Nelion, meno mawili meusi, theluji mbichi mabegani, na Lenana pembeni kwa unyenyekevu. Ulionekana kama mahali pa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Mzee alikuja saa nne na mfuko. Alileta jinzi yangu. Kuna mtu aliishusha, ikafuliwa na kuanikwa. Nikamrudishia suruali yake. Tulitaka kumwongezea pesa. Alipokea za wale wapagazi, zake akahesabu za siku tatu, zilizozidi akarudisha. Tulibishana tena, safari hii upande wa pili, akashinda tena.

Binamu alitolewa alasiri na amri ya kutokimbia kwa wiki kadhaa. Kwenye matatu alilala mpaka Thika.

Jumanne mama alifungua begi, akazikuta zile kunde kwenye sufuria tuliyoifunga kwa kitambaa, zimevimba nusu. Hakuuliza. Akazisuuza, akabandika jikoni, akakuna nazi moja iliyobaki. Kabla adhuhuri haijaadhiniwa zilikuwa zimeiva.